Taja Alama

Kibanda cha Pembeni, Stendi
4 Machi

Kwa Mwandishi wa habari ya ukurasa wa tatu, Jumamosi iliyopita

Salamu.

Mimi sikujui, na kwa jinsi ulivyonieleza gazetini, wewe pia hunijui. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu iko kituo cha polisi, imeandikwa kuwa kielelezo namba tisa. Kwa hiyo kama una haraka ya kunijibu, usipige. Atapokea askari.

Uliandika hivi: "Ghala la wizi lafumuliwa stendi. Makonda wanaswa na shehena ya mali za abiria." Chini ukaweka picha ya mabegi, simu na miavuli iliyopangwa sakafuni. Halafu ukasema mkuu wa genge ni "mwanamke wa makamo anayejulikana kwa jina moja tu la Shangazi".

Shangazi ndiye mimi. Nina miaka hamsini na minane, kwa hiyo nashukuru kwa hilo neno la makamo. Nilifanya kazi ya ukonda miaka kumi na tisa, hadi goti la kulia liliponigomea. Miaka kumi na moja sasa nakaa kwenye kibanda kile nikitunza vitu ambavyo abiria wamevisahau garini. Hilo ndilo ghala lako. Gari likifika mwisho wa safari, konda anapita kiti kwa kiti, na akikuta kitu ananiletea. Nakiandika daftarini: siku, gari, kiti, namba. Kisha nakitundika hadi mwenyewe aje. Hatukutumwa na mtu. Walianza makonda walionitangulia, waliochoka kutukanwa asubuhi kwa vitu walivyovikuta jioni.

Anayekuja namwambia neno moja: taja alama. Yaani niambie kitu kimoja kuhusu mali yako ambacho mtu anayeitazama kwa nje hawezi kukijua. Mwavuli mweusi kila mtu anao. Lakini mwavuli mweusi ambao mpini wake umetafunwa na mbwa, huo una mwenyewe. Asiyejua alama haondoki na kitu, hata alie. Diwani mmoja nilimnyima koti lake siku mbili nzima, hadi mke wake alipokuja kunieleza habari ya kifungo cha ndani.

Basi na wewe nakuuliza. Umekiandika kibanda changu kama mtu aliyeingia. Umesema ni "chumba chenye giza kilichofungwa kwa kufuli nzito". Taja alama. Niambie kitu kimoja kilichomo mle ambacho hakimo kwenye picha ya polisi.

Sikuulizi kwa ajili ya ubishi. Mabasi makubwa mapya yanakuja na magari yetu madogo yanaondolewa barabarani. Hatupingi, mengine yalistahili kuondolewa zamani. Kamati ya Mageuzi ya Usafiri ilisema itawachukua madereva na makonda wa zamani wenye tabia njema, na hapa stendi wameomba watu sitini na mmoja. Siku mbili baada ya habari yako, maombi yote sitini na moja yamesimamishwa. Nilikwenda kuuliza. Gazeti lako limebandikwa juu ya faili kwa gundi. Kamati inakaa tarehe thelathini Aprili, na ikiamua kwa kulitazama gazeti lile, hao wote wanarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya kibanda changu.

Jambo jingine. Nalisoma gazeti lenu kila siku, likishapitia mikono ya watu wanne. Basi jipya la majaribio lilipozimika njiani mliandika "changamoto". Gari letu likizimika mnaandika "kero". Kule kuna "wahudumu", huku kuna "wahuni". Ninyi ndio wenye kalamu, lakini kusoma tunajua.

Barua hii inaletwa na dereva wa gari la saa moja asubuhi. Bahasha nimeifunga kwa gundi. Ukikuta imefunguliwa, basi uliyoyaandika ni kweli.

Shangazi


Chumba cha Habari
11 Machi

Kwa Bi. Mtunza Kibanda,

Nimepokea barua yako ya tarehe 4 mwezi huu. Bahasha ilikuwa imefungwa.

Napenda kukufahamisha kuwa habari husika iliandikwa kwa kuzingatia taratibu zote za taaluma na ilitokana na vyanzo vya kuaminika. Gazeti halina nia mbaya na mtu wala kundi lolote. Iwapo unaona umekosewa, unayo haki ya kuwasilisha ushahidi wa maandishi, nao utafikishwa kwa mhariri.

Kuhusu swali lako: kibanda kina kuta za bati, mlango wa chuma, na ndani kuna rafu.

Nami nina swali. Ikiwa vitu hivyo vilisahaulika, mbona ni vingi kiasi hicho? Abiria akipoteza begi huenda polisi. Haendi kwa Shangazi.

Wako katika kazi,
Mwandishi wa Habari za Usafiri


Kibandani
15 Machi

Mwandishi,

Asante kwa kujibu. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, mbele ya makonda waliokuwa wanakunywa chai. Walipafurahia sana hapo kwenye vyanzo vya kuaminika. Mmoja alipaliwa.

Kibanda changu ni cha mbao. Mlango ni nusu ya mlango wa kabati, na unafungwa kwa kamba ya kiatu. Rafu hakuna. Vitu vinaning'inia kwenye misumari, kila siku ya wiki na msumari wake, Jumatatu iko dirishani. Ungekuwa umekuja kuchukua mwavuli, ungerudi kwako unalowa.

Umeuliza mbona ni vingi. Ni vingi kwa sababu watu wana mawazo mengi wakiwa garini. Mwaka juzi peke yake viliingia vitu mia tatu na arobaini, na wenyewe wakaja kuchukua mia mbili na themanini. Askari walichukua vile vilivyobaki, wakaacha vile visivyo na maana kwao, kama viatu visivyo na wenzake. Daftari hawakulichukua kwa sababu nilikuwa nimelikalia. Umetaka ushahidi wa maandishi, haya nakunakilia ukurasa mmoja wa mwaka juzi, wa vile ambavyo havijapata wenyewe hadi leo:

207. Gongo la kutembelea, la mbao. Kiti cha nyuma. Mtu alipanda nalo akashuka bila. Sijui alipona njiani au vipi.

208. Picha ya eksirei ya kifua. Nimeitazama juani, mapafu naona ni mazuri, ila mimi si daktari.

209. Meno ya bandia, ya juu tu, ndani ya kikombe.

210. Cheti cha ualimu, kimetiwa plastiki. Huyu namfikiria kila siku. Jina lipo lakini anwani haipo, na shule iliyotajwa ilifungwa.

211. Saa ya ukutani, inatembea. Iko mbele kwa dakika saba.

213. Viatu vya mtoto, vipya, vimefungwa pamoja.

214. Fremu ya dirisha. Usiniulize.

Kurasa za namna hii ninazo tisini na tatu. Mwizi gani anaweka daftari?

Shangazi


Nyumbani
24 Machi

Mama,

Leo sitaandika kwenye karatasi ya ofisi.

Sikufika. Siku ile afisa mmoja wa polisi alinipigia saa nne asubuhi, akatuma picha, akanipa maneno yake. Ukurasa unafungwa saa kumi jioni, na kutoka huku hadi stendi yenu ni saa nne za barabara. Niliandika nikiwa kwenye kiti changu. Kufuli nzito niliitia mwenyewe. Niliona ghala lisilo na kufuli halisomeki vizuri.

Nimekaa na ukurasa wako wa daftari wiki nzima. Nimemsomea mke wangu habari ya gongo, akacheka hadi akakaa chini, kisha akaniuliza, "Huyu ndiye uliyemwita mkuu wa genge?"

Nikueleze na jambo jingine, si la kujitetea, ila ulijue. Miaka tisa iliyopita nilikuwa naenda kwenye usaili wa kazi hii hii niliyonayo. Nilipanda gari moja la njia yenu. Kabla sijashuka sawasawa konda akagonga bodi na gari likaondoka, kiatu cha kushoto kikabaki kwenye ngazi. Nilipiga kelele. Konda alikuwa amening'inia mlangoni, anapunga mkono na kucheka. Niliingia kwenye usaili na kiatu kimoja na soksi iliyotoboka. Kazi nilipata, lakini makonda sijawahi kuwasamehe. Kila nilipotakiwa kuandika habari zenu, nilikuwa naanzia kwenye ile soksi. Nadhani ndiyo maana sikuona haja ya kufika.

Sasa tufanye hivi. Mhariri hataki masahihisho bila ushahidi, na ushahidi ni wenye mali. Nimemwomba tuchapishe orodha yako yote, wenye vitu wajitokeze. Wakijitokeza watu na kutaja alama mbele ya polisi, hakuna wa kusema ni wizi, na Kamati itakuwa na gazeti jingine la kubandika.

Ila kuna jambo. Kutoka 211 umerukia 213. Namba 212 ni nini, Mama? Kama mimi nimeiona, na mtu mwingine ataiona.

Mwandishi


Nyumbani
29 Machi

Mwanangu,

Kumbe macho unayo, ni miguu tu uliyokuwa umeikalia.

Nilitaka kukuambia panya walikula ule mstari. Niliandika hivyo kabisa, nikaichana karatasi. Namba 212 ni redio ndogo nyeusi, ya mkononi. Iko hapa mbele yangu, kando ya kopo la sukari, inanisomea habari wakati nakuandikia.

Iliingia mwaka juzi, mwezi wa sita. Baba watoto alikuwa amefariki mwezi wa nne. Watoto wako mbali, kila mmoja na mji wake, na nyumba ilikuwa kimya hadi nasikia maji yakidondoka jikoni. Nikaichukua redio nikajiambia naijaribu kama inafanya kazi. Ilifanya kazi. Nikasema nitairudisha Jumatatu. Jumatatu ile hadi leo haijafika. Betri nanunua mwenyewe, lakini hilo halibadilishi kitu. Askari walipokuja kibandani hawakuikuta kwa sababu ilikuwa kwangu, na mimi nikanyamaza.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba Shangazi ana mali ya abiria, uliongopa mara mia mbili na kitu, na mara moja ukasema kweli bila kujua. Hiyo moja ndiyo iliyonifanya nikuandikie barua ya kwanza kwa ukali vile. Mtu mwenye hatia kidogo hukasirika kuliko asiye na hatia kabisa.

Andika na hiyo. Ukichapisha orodha bila 212, nitakuwa nimekufanya uandike uongo wa pili. Makonda na madereva hawakujua habari ya redio, hata mmoja. Hilo nakuomba liandikwe kwa herufi kubwa kuliko jina langu.

Kuhusu kiatu chako, pole sana. Sitasema zaidi kwa sasa.

Shangazi


Kibandani
17 Aprili

Mwandishi,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mbili za kwanza dereva ameapa alizikabidhi mezani kwenu na mlinzi akaziandika.

Leo konda mmoja ametoka huko kwenu, kasikia kwenye kibanda cha magazeti kwamba mnaandaa habari yenye kichwa "Mtunza kibanda akiri". Sikutaka kuamini, lakini siamini pia kwamba mtu anaweza kukosa dakika ya kuandika mistari mitatu kwa wiki tatu. Nimeisoma tena barua yako ya soksi. Nilidhani ni barua ya mtu aliyebadilika. Labda ilikuwa ya mtu anayechimba.

Kama umeamua kunitoa peke yangu, nitoe. Nitakwenda Jumatatu kuripoti polisi kama dhamana yangu inavyotaka, na redio nitaibeba. Ila zimebaki siku kumi na tatu Kamati ikae. Usiwafunge sitini na mmoja kwenye mzigo wangu.

Nimeumia, sikufichi.

Shangazi


Kwenye gari, njiani kurudi
20 Aprili

Shangazi,

Naandika juu ya goti, utanisamehe kwa mwandiko. Nimetoka kwako sasa hivi na wewe hukuwepo. Nilisahau kwamba Jumatatu unaripoti. Konda wa zamu alinifungulia.

Msumari wa Jumatatu uko dirishani, kama ulivyosema. Wa Ijumaa umepinda kwa uzito. Kigoda chako kina miguu mitatu na tofali. Ukutani kwa ndani, mahali ambapo ni wewe tu unayepaona ukiwa umekaa, umeandika kwa penseli: "Wa cheti atakuja." Chini yake umepiga mistari, nadhani mmoja kwa kila mwezi. Nilihesabu ishirini na mbili. Hiyo ndiyo alama yangu. Nimechelewa wiki saba kuitaja.

Barua zako zote nilizipata. Ya redio niliisomea ofisini kwa ujinga wangu, mhariri akaisoma begani kwangu. Ile "Mtunza kibanda akiri" ni yake, alishaipangia ukurasa wa kwanza. Nikakataa kumpa barua. Akasema barua iliyokuja ofisini ni ya ofisi. Nikamwambia bahasha ilikuwa na jina langu na ililetwa na watu tuliowaita wezi, ikafika imefungwa, na sasa wa kuiiba tuwe sisi? Akanihamishia habari za hali ya hewa. Siku kumi na moja nimeandika kwamba kutakuwa na mawingu kiasi. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na habari ya kukupa, na nilijua ungenisoma hata nikificha. Nilikosea. Ningeandika hata hivyo.

Juzi alikubali. Sijui kama nilimshinda hoja au mke wangu ndiye aliyemshinda. Alimpigia simu akamsomea habari ya gongo.

Orodha inatoka Jumatano, ukurasa wa sita mzima, namba zote. Ya 212 nimeiandika hivi: "Redio ndogo nyeusi. Mtunzaji ameitumia nyumbani kwa karibu miaka miwili. Wahudumu wa magari hawakujua. Anaomba radhi kwa mwenyewe." Ukitaka niondoe neno, tuma ujumbe kwa dereva wa kesho asubuhi. Masahihisho yatakuwa ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la magodoro, mistari mitano. Nilipigania ukurasa wa tatu nikashindwa. Jina langu lipo, na limeandikwa kwamba sikufika.

Umeona nimeandika "wahudumu". Sikulitia kwenye alama za kunukuu.

Gari limesimama, kuna mama anashuka. Konda amemshikia ngazi hadi ameweka miguu yote miwili chini.

Mwandishi


Kituo cha Polisi, kwenye meza ya kuazima
27 Aprili

Mwanangu,

Sikuondoa neno.

Naandika haya huku watu wamepumzika kidogo. Alhamisi asubuhi nilikuja hapa kwa habari ya redio niliyoikabidhi Jumatatu na nikakuta foleni imetoka nje ya lango, imeshika gazeti lako. Askari wa zamu alianza kugawa vitu kwa kusoma orodha. Mtu wa pili tu akadai simu ambayo si yake. Mkuu wa kituo akanitazama, nami nikatazama dari. Mwishowe akasema, "Mama, hebu kaa hapa, fanya ile yako." Akanipa meza, kiti chenye miguu minne, na chai.

Kwa siku nne nimesema "taja alama" hadi sauti imekauka. Mia moja na kumi na tisa wameondoka na vitu vyao, na kila mmoja ameandika kwa mkono wake kwamba alisahau, hakuibiwa. Mkuu wa kituo amezipiga mhuri karatasi zote na kuzipeleka Kamati mwenyewe. Simu yangu nimerudishiwa. Na mimi walinitajisha alama.

Mwenye gongo alikuja. Alikuwa amelewa siku ile, ndiyo habari yote. Wa fremu ya dirisha hajaja.

Wa cheti amekuja. Ni mama mtu mzima, anafundisha watoto kusoma uani kwake, kwa sababu bila cheti hakuna shule iliyomchukua. Nilimwambia ataje alama akasema nyuma ya cheti, chini ya plastiki, kuna alama ya kidole cha mwanawe aliyekuwa anakula wali. Ipo. Tulilia wote wawili mbele ya askari.

Mwenye redio ni fundi cherehani, mzee mpole. Alisema kifuniko cha betri kimefungwa kwa uzi wa kijani, alioutoa kwenye gauni la bibi harusi. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama. Akaiwasha, akasikiliza, akauliza mbona betri ni mpya. Nikamwambia. Akasema, "Basi ilikuwa na mtu." Akaichukua, na ni haki yake. Usiku nyumba ni kimya tena, lakini nalala.

Mwanangu wa kwanza amesoma gazeti huko aliko. Amenipigia kila siku tangu juzi. Kumbe na yeye alikuwa hajui nyumba ni kimya kiasi hiki.

Shangazi


OFISI YA KAMATI YA MAGEUZI YA USAFIRI
6 Mei

Kwa: Mtunza Kibanda, Stendi

YAH: MAOMBI YA KAZI NA HATIMA YA KIBANDA

Rejea kikao cha Kamati cha tarehe 30 Aprili.

1. Kamati imepitia maombi sitini na moja pamoja na viambatisho vilivyopigwa mhuri na Kituo cha Polisi. Waombaji arobaini na wanne wamekubaliwa na wataanza mafunzo mwezi ujao. Waombaji kumi na saba watafanyiwa usaili wa pili. Taarifa ya gazeti iliyokuwa katika faili imeondolewa.

2. Kibanda kitabomolewa pamoja na majengo mengine ya stendi.

3. Kamati imebaini kuwa mfumo mpya haukuweka utaratibu wa mali zilizosahaulika. Unaombwa kufika ofisini kwa ajili ya kuanzisha chumba hicho katika kituo kipya, kwa mkataba. Rasimu ya fomu imeambatishwa. Tazama kipengele cha 4: "Mdai ataje sifa moja ya kipekee ya mali isiyobainika kwa kuitazama kwa nje."

4. Ombi lako la misumari saba kwa ajili ya chumba hicho, ulilolitoa kwa simu, linashughulikiwa.

Katibu


Kibandani, wiki ya mwisho
10 Mei

Mwanangu,

Nakuambatishia barua ya Kamati. Soma kipengele cha nne cha fomu yao. Maneno mawili wameyafanya kumi na matatu, lakini ni yetu.

Arobaini na wanne walikunywa chai hapa jana, na wale kumi na saba walikunywa pamoja nao. Wana hofu lakini hawajanuna. Nimewapangia zamu za mazoezi ya usaili. Mimi ndiye kamati, na nina roho mbaya.

Sasa lile nililolinyamazia. Nilivyoisoma barua yako ya soksi, mwezi wa tatu, nilifungua daftari la miaka tisa iliyopita. Sikukuambia kwa sababu ungeona nakuhonga, na mimi mwenyewe ningejiona hivyo. Leo huna cha kunifanyia tena, kwa hiyo naandika.

Namba 40 ya mwaka ule: "Kiatu cha kushoto, cheusi, cha kufunga kamba. Ngazi ya mlango. Konda anasema kijana alishuka gari halijasimama vizuri na kosa ni lake yeye konda, aligonga bodi mapema. Alimpungia kiatu mlangoni ili akimbilie, kijana akampa mgongo. Anaomba radhi."

Alikuwa anakupungia kiatu chako. Kama alicheka, ni mtu wa kuchekacheka, hata kwenye msiba anajibana. Yumo katika wale kumi na saba. Anasubiri.

Kiatu ninacho. Lakini unajua taratibu.

Taja alama.

Shangazi


Nyumbani
13 Mei

Shangazi,

Nimekaa na barua yako jikoni hadi chai ikapoa. Miaka tisa namchukia mtu aliyekuwa ananirudishia kitu changu.

Viatu vilikuwa vya kaka yangu, vikubwa kwangu kwa vidole viwili. Ndani ya kile cha kushoto, mbele kabisa, nilisokota ukurasa wa gazeti ili kinikae. Ni gazeti letu hili hili, ukurasa wa nafasi za kazi. Tangazo nililokuwa naliendea nilikuwa nimelizungushia kalamu nyekundu.

Mwambie huyo konda nitakuja siku ya usaili wake. Si kuandika. Nitakaa nje nimsubiri.

Mwandishi


Kibandani
16 Mei

Alama ni sahihi, hadi rangi ya kalamu. Karatasi nimeiacha ndani.

Kinaletwa na yeye mwenyewe, gari la saa moja. Amekipaka rangi, nimemkataza hakusikia. Jaza hii, umpe arudi nayo, nifunge namba 40 kabla hawajabomoa.

HATI YA KUPOKEA
Kitu: Kiatu kimoja, cha kushoto, cheusi
Kimeletwa na: Konda
Hali ya kitu: *Kizima. Bado ni kikubwa kwangu.*
Aliyepokea: *Mwenyewe*